Orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi ni ya nani, na fidia ni ya nani?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Shangazi yangu alikuwa karani katika ofisi moja jirani na ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Vioo vilimpofua macho yote mawili. Baadaye tukasikia Sudan imelipa mamilioni ya dola kwa sababu iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Shangazi hakupata hata shilingi. Orodha hiyo ni ya nani? Nani huamua nchi iingie au itoke? Na kwa nini Kenya isiwe na orodha yake, ili watu wetu nao walipwe?"

Jibu: Marahaba. Mpe shangazi pole zangu. Naomba nianzie asubuhi ile ile, maana humo ndimo lilimo jibu la sehemu kubwa ya swali lako.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kati ya saa nne na saa tano. Lori lilifika kwenye lango la nyuma la ubalozi, na mlinzi akakataa kuinua kizuizi. Mmoja wa waliokuwa ndani ya lori akashuka na kurusha guruneti. Watu waliokuwa kwenye majengo ya jirani walisikia kishindo, wakaacha kazi zao wakasogea dirishani kutazama kulikoni. Muda mfupi baadaye lori likalipuka. Ndiyo maana waliopofuka ni wengi sana: kile kishindo cha kwanza kiliwaita wakakabili vioo. Jengo la Ufundi, lililokuwa na chuo cha makarani, liliporomoka lote. Dar es Salaam, karibu wakati huo huo, lori jingine lilishindwa kuukaribia ubalozi kwa sababu gari la maji lilikuwa limesimama mbele yake. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Jumla ni 224, na kati yao Wamarekani walikuwa 12, wote wa Nairobi. Iweke akilini namba hiyo ya 12, nitairudia.

Sasa orodha. Watu wengi hudhani ni ya Umoja wa Mataifa. Siyo. Umoja wa Mataifa una orodha ya watu na makundi, iliyoanza na azimio namba 1267 la mwaka 1999 dhidi ya Taliban, lakini hauna orodha ya serikali zinazofadhili ugaidi. Nchi wanachama hazijaweza hata kukubaliana maana moja ya neno "ugaidi" ya kuandikwa kwenye mkataba mmoja unaowafunga wote. Kila rasimu hukwama palepale: mpiganaji wa ukombozi ni nani, na je, jeshi la serikali nalo likiwalenga raia tuliite gaidi? Anayekuambia "dunia imeitangaza nchi fulani kuwa mfadhili wa ugaidi" muulize dunia ipi hiyo.

Orodha unayoisikia ni ya Marekani. Ilianza mwisho wa mwaka 1979 ikiwa na nchi nne: Libya, Iraq, Syria na Yemen Kusini. Kuba iliingizwa 1982, Iran 1984, Korea Kaskazini 1988 na Sudan mwezi Agosti 1993. Mwenye kuamua ni mtu mmoja, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Sheria inamtaka ajiridhishe kwamba serikali husika imetoa msaada kwa vitendo vya ugaidi wa kimataifa mara kwa mara. Hakuna jaji wala kikao ambamo nchi inayotuhumiwa inasomewa mashtaka na kujitetea. Akishatia saini, yanafuata mambo haya: marufuku ya silaha, udhibiti wa bidhaa zinazoweza kutumika kijeshi, kukatwa kwa misaada, na Marekani kupinga mikopo ya nchi hiyo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Tangu 1996 likaongezeka jingine, nalo ndilo lililozaa zile fedha za Sudan: nchi iliyo kwenye orodha inapoteza kinga yake mbele ya mahakama za Marekani.

Kutoka kuna njia mbili. Ya kwanza, Rais wa Marekani alithibitishie Bunge lake kwamba uongozi na sera za nchi hiyo vimebadilika kabisa. Ya pili, athibitishe kwamba katika miezi sita iliyopita nchi hiyo haikusaidia ugaidi na imeahidi kutousaidia tena, kisha zipite siku 45 bila Bunge kupinga. Ukisoma masharti hayo utadhani ni hesabu ya ushahidi tu. Ninavyoona mimi, baada ya kuifuatilia orodha hii kwa miaka mingi, ushahidi humo ni kitu kimoja kati ya vingi, na mara nyingi siyo kizito kuliko vyote. Iraq iliondolewa 1982, wakati Marekani ilipotaka isishindwe na Iran vitani, ikarudishwa 1990 ilipoivamia Kuwait. Korea Kaskazini ilitolewa 2008 wakati wa mazungumzo ya nyuklia, ikarudishwa 2017. Kuba ilitolewa 2015, ikarudishwa Januari 2021. Tarehe 14 Januari 2025 rais aliyekuwa anaondoka akatangaza kuitoa tena, na tarehe 20, siku ya kuapishwa, aliyeingia akalifuta tangazo hilo. Siku sita! Nchi haibadiliki tabia mara mbili ndani ya siku sita. Kilichobadilika ni mwenye kalamu.

Kuna mfano mwingine unaowashangaza wengi. Mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yalipolipuka, Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, kundi lililoyapanga, alikuwa Afghanistan, chini ya ulinzi wa Taliban. Afghanistan haikuwekwa kwenye orodha, si wakati huo wala baada ya Septemba 2001. Sababu ni ya kisheria: Marekani haikuitambua Taliban kuwa serikali, na kuiandika kwenye orodha ya serikali zinazofadhili ugaidi kungekuwa namna ya kukiri kwamba ni serikali.

Lakini usije ukanielewa vibaya ukadhani Sudan ilionewa. Haikuonewa. Bin Laden aliishi Khartoum kuanzia 1991 hadi Mei 1996, akiendesha biashara na kupanga watu wake huku serikali ikijua. Juni 1995 watu waliojaribu kumuua Rais Hosni Mubarak wa Misri mjini Addis Ababa walikuwa na msaada kutoka Sudan, na baadhi yao walikimbilia huko. Baraza la Usalama liliitaka Sudan iwatoe washukiwa kwa azimio 1044 la Januari 1996, ilipokaidi likaiwekea vikwazo. Hapo waliozungumza hawakuwa Marekani peke yake. Ethiopia na Umoja wa Nchi Huru za Afrika walilalamika kabla ya hapo.

Kuhusu mabomu yenyewe, mwaka 2011 mahakama ya Washington ilitoa uamuzi kwamba Sudan, na Iran pia, zinawajibika. Kwa Sudan hoja haikuwa kwamba ofisa wa Khartoum alibonyeza kitufe. Ilikuwa kwamba serikali iliwapa al-Qaeda mahali pa kukaa, hati za kusafiria, na uhuru wa kupitisha watu, fedha na vitu mipakani bila kukaguliwa, na kwamba kikosi cha Nairobi kisingejengeka bila hayo. Ufadhili wa ugaidi, kwa sehemu kubwa, ndivyo ulivyo. Ni pasipoti iliyogongwa muhuri na mtu anayejua kwamba jina lililomo si la mwenyewe. Ni kontena lisilofunguliwa bandarini kwa sababu simu imepigwa kutoka juu. Kuuthibitisha ni kazi ngumu, maana ofisi inayotoa msaada huo ndiyo hiyo hiyo inayotunza kumbukumbu.

Na ushahidi ukiwa dhaifu, wasio na hatia hulipa. Siku 13 baada ya milipuko, Marekani ilirusha makombora kwenye kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum Kaskazini, ikidai kilihusika na kemikali za silaha. Ushahidi mkuu ulikuwa sampuli moja ya udongo. Madai hayo hayakuwahi kuthibitishwa hadharani, na kiwanda kilichokuwa kikitengeneza dawa za binadamu na mifugo katika nchi maskini kikawa kifusi. Naisema hii kwa sababu sisi tuliozika watu Nairobi na Dar es Salaam tuna haki ya kudai haki, na tuna wajibu wa kudai itafutwe kwa ushahidi.

Tuje kwenye fedha. Sheria ya Marekani inayovua nchi kinga inasema wazi nani anaweza kushtaki: raia wa Marekani, mwanajeshi wake, mfanyakazi wa serikali yake au wa mkandarasi wake aliyekuwa kazini, na warithi wao. Basi. Mkenya aliyekuwa ameajiriwa ubalozini anaingia. Mkenya aliyekuwa kwenye basi nje ya ubalozi haingii. Mwanafunzi wa chuo cha makarani pale Ufundi haingii. Shangazi yako, karani wa ofisi ya jirani, haingii. Hajasahauliwa kwa bahati mbaya. Sheria haikutungwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Nilikuomba uiweke akilini ile namba ya 12 kati ya 224 kwa sababu hii: sheria iliyozaa fidia ilitungwa ikiwafikiria watu wa aina ya wale 12, na Waafrika walioingia waliingia kwa mlango wa ajira.

Mahakama ilikuja kuamuru Sudan ilipe zaidi ya dola bilioni 10, na Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba hata fidia ya adhabu, ile inayozidi hasara ili kumfunza mkosaji, inaweza kudaiwa kwa matukio ya 1998. Sudan haikuwa na uwezo wa kulipa kiasi hicho hata kidogo. Mapatano yakawa dola milioni 335. Kati ya hizo, Wakenya na Watanzania wa ubalozini walipangiwa mafungu madogo mno kuliko Wamarekani waliofanya kazi nao kwenye jengo moja. Bunge la Marekani lilitenga nyongeza kwa waliokuwa wamepata uraia wa Marekani baada ya tukio. Wenzao waliobaki na pasipoti za kwao hawakuguswa na nyongeza hiyo. Vidonda vilifanana, pasipoti ndizo zilizotofautiana. Sijawahi kuliona hilo kuwa haki.

Na nani alilipa? Omar al-Bashir aliyemkaribisha bin Laden alipinduliwa tarehe 11 Aprili 2019, baada ya miezi ya maandamano ya vijana, wanawake na wataalamu walioingia barabarani mikono mitupu. Serikali ya kiraia ya Abdalla Hamdok ilianza kazi Agosti mwaka huo, hazina ikiwa tupu na deni la nje la mabilioni kwa makumi. Vikwazo vikuu vya biashara vya Marekani vilikuwa vimeondolewa tangu 2017, lakini jina lilikuwa bado kwenye orodha, na jina lenyewe lilitosha kuzifukuza benki. Mwaka 2014 benki ya Ufaransa BNP Paribas ilikiri kosa la kupitisha fedha za Sudan, Iran na Kuba, ikatozwa karibu dola bilioni 9. Baada ya hapo benki gani ingejihatarisha kwa mteja wa Khartoum? Kufutiwa madeni kulikwama. Jina likaondolewa tarehe 14 Desemba 2020, miezi 20 baada ya mkosaji kuanguka, fedha zikiwa zimeshawekwa mezani na Sudan ikiwa imesukumwa pia kukubali uhusiano na Israeli. Oktoba 2021 wanajeshi wakaipindua serikali ile ya mpito. Sidai kwamba orodha ndiyo iliyoiangusha. Nadai kwamba iliitwisha mzigo wa mtu mwingine katika miezi ambayo ilihitaji pumzi.

Swali lako la mwisho ndilo zito: kwa nini Kenya isiwe na orodha yake?

Kenya ina orodha, lakini ya watu na makundi. Al-Shabaab lilipigwa marufuku 2010, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaipa serikali uwezo wa kutangaza makundi na kuzuia mali zao. Haina kifungu cha kuitangaza serikali ya nchi nyingine. Wangeweza kuongeza kifungu hicho kesho, kama Canada ilivyotunga sheria yake na kuziandika Iran na Syria mwaka 2012. Tatizo ni kitakachofuata. Kwa desturi ya sheria za kimataifa, nchi haishtakiwi katika mahakama za nchi nyingine kwa matendo yake ya kiserikali, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliisisitiza kanuni hiyo Februari 2012 katika kesi ya Ujerumani na Italia, iliyohusu maovu ya wakati wa vita vya Hitler. Marekani inaivunja kwa sababu sarafu yake inapita kila mahali duniani, hivyo hata asiyetaka kulipa hubanwa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hukumu ya Nairobi dhidi ya serikali ya kigeni ingebaki karatasi, labda na mpaka uliofungwa na raia wetu walio upande wa pili wakianza kunyanyaswa.

Kuna njia nyingine mbili ambazo nchi za eneo letu zimekwisha kuzipita.

Ya kwanza ni Baraza la Usalama. Mwaka 2009 nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, pamoja na Umoja wa Afrika zilitaka Eritrea iadhibiwe kwa kusaidia makundi yenye silaha Somalia, al-Shabaab likiwamo. Uganda, iliyokuwa ndani ya Baraza, ikabeba rasimu, na Desemba mwaka huo likapita azimio 1907: marufuku ya silaha, na njia ya kuwazuia viongozi kusafiri na kushika mali zao. Uzuri wa njia hii ni kwamba ilikuja na wachunguzi. Novemba 2011 Kenya iliituhumu Eritrea kwamba ilipeleka silaha Baidoa kwa ndege. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakafuatilia, hawakupata ushahidi wa safari hizo. Wengi walikasirika. Mimi naona ndivyo inavyopaswa kuwa: kuna mtu wa tatu wa kusema "hili limethibitika, hili bado", hata anayelalamika akiwa ni sisi. Baadaye ripoti za wachunguzi hao zikawa zinasema mwaka baada ya mwaka kwamba hawaoni Eritrea ikiisaidia tena al-Shabaab, na vikwazo viliondolewa Novemba 2018, baada ya Eritrea na Ethiopia kupatana. Dosari haikosekani: ushahidi ulikoma miaka kadhaa kabla ya adhabu kukoma.

Ya pili ni ile Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, na hapa neno "ugaidi" halihitajiki kabisa. Mwaka 1986, katika kesi ya Nicaragua, mahakama hiyo ilitenganisha mambo mawili. Kuwapa waasi silaha na mafunzo ni kosa tosha la kuingilia nchi nyingine. Lakini ili kila uhalifu wa waasi hao uhesabiwe kuwa wako, lazima ithibitike kwamba uliziongoza operesheni zenyewe. Mwaka 2005 ikatumia kipimo hicho hicho kwa jirani zetu: haikuona kwamba Uganda ililidhibiti kundi la waasi la MLC nchini Kongo, ila ilisema kuwapa mafunzo na msaada wa kijeshi ni kuvunja sheria, juu ya makosa ya jeshi lake lenyewe. Februari 2022 ikaiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65. Linganisha na 335 za Sudan. Kiasi kinakaribiana, lakini hapa kuna majaji wa mataifa mbalimbali, mtuhumiwa aliyejitetea, na fungu kwa watu waliokufa na kujeruhiwa bila kuulizwa pasipoti. Ubaya wake ni muda: kesi ilifunguliwa 1999.

Kwa hiyo nikiulizwa sera ya taifa ielekeze nguvu wapi, sitasema kwenye orodha ya majirani wabaya. Nitasema kwenye ushahidi wetu: nani alipita mpaka gani, kwa hati gani, fedha zilipita benki ipi, nani ofisini alifumba macho. Azimio 1373 la Septemba 2001 linazidai nchi zote zizuie fedha na hifadhi kwa magaidi, na nchi zetu zilitunga sheria, Tanzania 2002, Kenya kwa kuchelewa kwa sababu mswada wa 2003 ulipingwa na wananchi walioona unamgeuza kila Mwislamu kuwa mshukiwa. Hofu yao haikuwa ya bure. Sheria za usalama za 2014 zilipopitishwa kwa pupa, Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane Februari 2015. Mshukiwa akipotezwa badala ya kufikishwa mahakamani, mbali na dhuluma yenyewe, tunapoteza pia alichokuwa anakijua kuhusu aliyemtuma.

Kuhusu shangazi, mlango wa Marekani umefungwa. Sheria iliyopitishwa Desemba 2020 pamoja na mapatano yale iliirudishia Sudan kinga kwa madai ya 1998. Mlango uliobaki uko Nairobi: Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inataja mfuko wa kuwafidia waathirika, na waathirika wamekuwa wakiudai kwa maombi bungeni na mahakamani. Mwingizeni katika moja ya vyama vyao, asidai peke yake. Tafuteni kadi yake ya hospitali ya Agosti 1998, barua ya mwajiri inayoonyesha alikuwa kazini jengo gani, na taarifa ya daktari wa macho ya sasa. Pigeni nakala, zithibitishwe na wakili, na karatasi za asili zikae kwa mtu mmoja anayejulikana. Yeye mwenyewe asimulie alichokisikia na mahali aliposimama kabla ya kioo kupasuka, mwandike neno kwa neno, kisha atie dole gumba mbele ya shahidi. Fanyeni hivyo mwezi huu.